Kuwasha Redio ya Gari na Vifaa Vingine vya Volti 12 kwa Stima ya Nyumbani

Swali hili huja kwa sura nyingi. Kijana amefungua kinyozi Kisauni, ana redio ya gari aliyopewa na mjomba wake, anataka ipige muziki dukani. Mwenye kibanda cha viazi karai kule Likoni amenunua taa za mkanda za LED, kafungua pakiti na kukuta nyaya mbili tupu, plagi hakuna. Mwingine ana feni ya lori, mwingine kamera ya ulinzi, mwingine pampu ndogo ya maji. Wote huishia pamoja: "Fundi, hii naichomeka vipi kwenye soketi?"

Huichomeki. Soketi za Mombasa, kama za Kenya nzima, hutoa volti 240 za AC. Kifaa chako kinataka volti 12 za DC. Ukiviunganisha moja kwa moja utasikia mlio mmoja, harufu itafuata, na kifaa kimekwenda. Hapo ni kama wewe mwenyewe hukuwa umeshika waya. Katikati lazima ikae pawa saplai, yaani kitu cha kushusha volti na kugeuza AC kuwa DC. Kazi yote iliyobaki ni kuichagua vizuri na kuifunga vizuri.

Nitatumia redio ya gari kama mfano kwa sababu ndiyo inayoulizwa sana, na ndiyo yenye nyaya nyingi za kuchanganya kichwa. Ukiiweza hiyo, taa na kamera hazitakushinda.

Nadharia, kidogo tu

Stima ya AC hubadilisha mwelekeo. Hii yetu ni ya hezi 50, kwa hivyo huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. DC huenda upande mmoja tu, kama ya betri: ina chanya na ina hasi. Ndiyo maana kifaa cha DC ukikigeuzia nyaya kinaweza kufa papo hapo. Na kuna hesabu moja ya kukumbuka: wati ni volti mara ampea. Ukijua mbili, ya tatu utaipata kwa kugawanya.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pawa saplai yenyewe, lakini usiinunue bado. Soma hatua ya 1 hadi ya 3 kwanza.
- Multimita, yaani mita ya kupimia volti. Ya bei rahisi inatosha. Asiyekuwa nayo aazime, maana bila mita utakuwa unabahatisha.
- Bisibisi, plaisi, kisu cha kuchuna nyaya, tepu nyeusi ya stima na konekta za skrubu.
- Waya wa stima wenye nyuzi tatu ndani na plagi yake. Waya wa kompyuta kuukuu unafaa sana: kata kile kichwa kinachoingia kwenye kompyuta, bakisha plagi.
- Fyuzi ya ampea 3 ya kuweka ndani ya plagi, na fyuzi ya gari ya ampea 10 pamoja na kikalio chake cha waya.
- Waya mwekundu na mweusi wa upande wa DC. Unene wake tutauzungumza kwenye hatua ya 7, usiruke.
- Viatu miguuni. Sakafu ya saruji hapa pwani huwa na unyevu hata ukiiona kavu, na mguu mtupu juu yake ni njia nzuri ya stima kupita.

Hatua kwa hatua

1. Soma stika ya kifaa.

Geuza redio, utafute maandishi. Unatafuta mambo matatu: volti, aina ya mkondo na ampea au wati. DC huandikwa hivyo, au huchorwa mstari mmoja ulionyooka na vistari vitatu vifupi chini yake. AC huchorwa wimbi dogo. Redio za gari ndogo karibu zote ni 12V DC. Vifaa vya malori na mabasi mara nyingi ni 24V, kwa hivyo yule mwenye feni ya lori asome mara mbili. Volti 12 zitaizungusha kivivu tu.

Usidanganyike na maandishi makubwa ya usoni, "4 x 50W". Tazama nyuma ya redio utaona fyuzi ya rangi imechomekwa, mara nyingi imeandikwa 10. Ampea 10 mara volti 12 ni wati 120. Sasa redio isiyoweza kuvuta zaidi ya wati 120 itatoa wapi wati 200 za spika? Fyuzi ndiyo inayosema kweli. Ifuate hiyo.

2. Piga hesabu ya ampea.

Kwa redio, kadiria kiwango cha fyuzi: ampea 10. Kwa sauti ya kuongea nayo watu haitafika huko, lakini besi ikigonga itakaribia.

Kwa taa za mkanda, pakiti huandika wati kwa kila mita. Zile zenye vidonge vikubwa vya 5050, taa 60 kwa mita, huvuta kama wati 14.4 kwa mita. Roli ya mita 5 ni wati 72. Gawanya kwa 12, unapata ampea 6. Ongeza robo nzima ya akiba, inakuwa 7.5, kwa hivyo unanunua ya ampea 10. Hiyo akiba si anasa. Pawa saplai inayokimbizwa hadi mwisho wake kutwa nzima, kwenye joto la Februari la hapa, hufa mapema.

Kwa pampu, feni na kitu chochote chenye mota, zidisha zaidi. Mota inapoanza kuzunguka huvuta ampea nyingi kuliko zilizoandikwa, halafu hutulia. Mashine ya kujazia upepo tairi ndiyo mbaya kuliko zote. Wengi hununua pawa saplai ya ampea 5 halafu hulalamika kwamba imekataa.

Hapa ndipo penye swali ambalo huulizwa kila mara: "Kifaa changu ni cha ampea 2, nikiweka pawa saplai ya ampea 10 hakitaungua?" Hakitaungua. Mpishi akipika pilau ya watu mia na wageni wakaja kumi, hao kumi hawalazimishwi kumaliza sufuria. Kifaa huvuta kinachokitosha. Volti ndizo lazima zilingane. Ampea za pawa saplai zinaweza kuwa nyingi upendavyo, ila zisipungue.

3. Chagua pawa saplai.

Ziko za aina tatu utakazokutana nazo madukani, kuanzia Mwembe Tayari hadi Kongowea.

Ya kwanza ni adapta ya plastiki, kama ya ruta au ya kompyuta ya mapajani. Hiyo ni salama kwa anayeanza, maana volti 240 zimefungiwa ndani. Inafaa kamera, ruta na kipande kifupi cha taa. Soma mstari wa OUTPUT, si wa INPUT. Kuna adapta zinazotoa 12V lakini za AC, zenye alama ya wimbi, hizo ziache. Angalia pia mchoro wa tundu: duara lenye kitone katikati, na alama ya kujumlisha na ya kutoa. Nyingi huwa na chanya katikati, lakini si zote. Na ncha yenyewe ina saizi: ya nje huwa milimita 5.5, tundu la ndani 2.1 au 2.5. Ya 2.5 ukiitia kwenye kifaa cha 2.1 itaingia, halafu itashika na kuachia kila ukigusa waya.

Ya pili ni ile ya kasha la chuma lenye matundu na safu ya skrubu upande mmoja. Ndiyo wanayotumia mafundi wa kamera na wa mabango ya taa. Kwa redio ninaipendekeza hii, ya 12V ampea 10 au zaidi. Ina nguvu, inapatikana, na ikifa hubadilishwa kwa dakika chache. Ubaya wake ni kwamba skrubu za volti 240 ziko wazi, jirani kabisa na zile za volti 12.

Ya tatu ni pawa saplai iliyotolewa kwenye kompyuta kuukuu ya mezani. Waya wa manjano ni volti 12, mwekundu ni 5, mweusi ni hasi. Haiwaki mpaka uunganishe waya wa kijani wa plagi kubwa na mweusi wowote, kisha uziache zimeungana. Ni nzuri kwa mwenye kutafuta nafuu, lakini soma ampea za 12V peke yake kwenye stika. Wati za jumla zilizoandikwa kwa herufi kubwa zinahesabu na volti usizozitumia.

Kuna wanaotaka kuunda yao: transfoma, daiodi nne, kapasita, basi. Inawezekana, lakini si kazi ya kuanzia. Transfoma iliyoandikwa volti 12, baada ya daiodi na kapasita, hupanda hadi kama volti 15 au 16, na isipokuwa na mzigo hupanda zaidi. Redio inaweza kustahimili. Taa za LED zitapata moto na maisha yake yatakuwa mafupi. Ukitaka kujifunza, jifunze, ila usijifunzie kwenye kifaa cha mtu.

Na lile la kuchomoa kibodi cha ndani ya balbu ya LED kisha kukifanya pawa saplai, acha kabisa. Vingi vya vibodi hivyo havina kizuizi kati ya upande wa stima na upande wa kutoka. Mita inaweza kukuonyesha volti chache ilhali waya ule ule una laivu, yaani stima hai, ya 240.

4. Tazama swichi ya volti.

Kwenye kasha la chuma, ubavuni, mara nyingi kuna swichi ndogo nyekundu ndani ya tundu: 110 au 220, au 115 na 230. Lazima iwe kwenye 220 au 230. Isukume kwa bisibisi nyembamba kabla ya waya wowote kufungwa. Ikiwa kwenye 110 halafu ukawasha, itapasuka kwa kishindo, na dhamana ya duka haitakusaidia. Hali ni hiyo hiyo kwa adapta uliyoletewa na ndugu kutoka Marekani, ambako soketi ni za volti 120: ikisema INPUT 100–240V, chomeka bila wasiwasi, ikisema 120V tu, irudishe kwenye sanduku.

5. Funga upande wa stima, plagi ikiwa mkononi mwako.

Narudia: plagi isiwe ukutani. Iweke juu ya meza mahali unapoiona muda wote.

Chuna ganda la nje la waya, utaona nyuzi tatu. Wa kahawia ni laivu, unakwenda kwenye L. Wa buluu ni nyutro, unakwenda kwenye N. Wa kijani wenye mstari wa manjano ni athi, yaani wa kupeleka ardhini stima iliyovuja, unakwenda kwenye alama ya mistari mitatu inayopungua. Ukikuta nyuzi mbili tu, usiutumie waya huo kwa kasha la chuma.

Sokota shaba vizuri kabla ya kuitia chini ya skrubu, halafu iangalie kwa jicho la karibu. Unatafuta uzi mmoja wa shaba uliotoroka, mwembamba kama unywele, unaoelekea kwenye skrubu ya jirani. Huo mmoja unatosha kupiga shoti. Ukaze, uvute kidogo kuona kama umeshika, kisha shusha kile kifuniko cha plastiki. Kikiwa kimevunjika, tafuta kasha jingine la kuifunikia.

Fungua plagi, toa fyuzi ya 13, weka ya 3. Pawa saplai ya wati 120 huvuta kama ampea moja tu kutoka ukutani. Fyuzi ya 13 ingeuacha waya wako mwembamba uungue kwanza kabla yenyewe haijakatika.

Onyo la rangi: kwenye nyumba nyingi za zamani, Mji wa Kale na kwingineko, nyaya za ukutani ni nyekundu kwa laivu na nyeusi kwa nyutro. Kwenye DC, nyekundu ni chanya na nyeusi ni hasi. Kwa hivyo usiwahi kuona mwekundu na mweusi vikitoka ukutani ukadhani ni volti 12. Pima.

6. Washa ikiwa tupu, upime.

Redio bado haijafungwa. Tia mita kwenye DC, kipimo cha 20. Hakikisha waya mwekundu wa mita uko kwenye tundu la volti, si lile la 10A. Ukipima volti ukiwa kwenye tundu la ampea umepiga shoti kwa mkono wako mwenyewe. Chomeka, washa, gusa +V na -V. Unataka kuona kama 12. Kuna kiskrubu kidogo cha plastiki kilichoandikwa ADJ. Kwa redio ukikipandisha hadi 13 ni sawa kabisa, maana gari likiwa limewashwa hutoa hata 14. Kwa taa, kiache kwenye 12.

Mita ikionyesha alama ya kutoa mbele ya namba, umegeuza nyaya za mita au umekosea kusoma skrubu. Tatua hilo sasa.

7. Andaa nyaya za DC.

Hapa ndipo wengi hupoteza. Wanasema, "Ni volti 12 tu, waya wowote utafaa." Kinyume chake. Volti zikiwa ndogo, ampea huwa nyingi, na ampea ndizo zinazotaka waya mnene. Chukua waya wa milimita mraba 0.75, mita 10 kutoka pawa saplai hadi kwenye taa zinazovuta ampea 5. Stima inakwenda na kurudi, mita 20. Njiani zitapotea zaidi ya volti 2, zitafika chini ya 10, na taa zitakuwa hafifu. Ukitumia waya wa 2.5, utapoteza kama volti 0.7 tu.

Dawa nyingine, na ndiyo ninayoipenda: weka pawa saplai karibu na kifaa, uurefushe waya wa 240 badala ya ule wa 12. Kwa redio iliyo ndani ya mita 3, waya wa 1.5 unatosha.

Tia ile fyuzi ya gari kwenye waya mwekundu, karibu na pawa saplai iwezekanavyo.

8. Funga redio.

Chomoa plagi tena, subiri dakika chache kapasita za ndani, zinazohifadhi stima, zitoe chaji. Sasa nyaya za redio kwa rangi zilizozoeleka:

- Manjano: chanya ya kudumu. Ndiyo hutunza saa na stesheni.
- Nyekundu: chanya ya swichi ya gari. Hapa hatuna ufunguo, kwa hivyo inaungwa pamoja na manjano.
- Nyeusi: hasi.
- Buluu, au buluu na nyeupe: ya eriali na amplifaya. Si ya kuipa stima. Ifunge tepu, iache.
- Nyeupe, kijivu, kijani na zambarau: spika. Kila moja ina pacha wake wenye mstari mweusi.

Redio za mitumba huwa zimepita mikononi mwa watu. Ukikuta nyaya zimeungwaungwa, fuata mchoro wa stika juu ya redio, si rangi.

Manjano na nyekundu kwenye +V kupitia fyuzi, nyeusi kwenye -V. Spika: kila jozi kwa spika yake. Waya wa spika wenye mstari mweusi usiunganishwe na hasi ya pawa saplai, wala usiunganishwe na wa spika nyingine. Watu hufanya hivyo kuokoa waya, na redio za kisasa huunguza chipu ya sauti kwa mchezo huo. Spika za omu 4 au 8 zote sawa. Mbili za omu 4 kwenye tundu moja kwa sambamba, hapana.

Zile usizozitumia, kila moja ifunge tepu peke yake.

9. Washa, upime tena ikiwa na mzigo.

Pandisha sauti kiasi, weka mita kwenye nyaya za redio yenyewe, si kwenye pawa saplai. Ikishuka chini ya 11.5 hivi, ama waya ni mwembamba ama pawa saplai ni ndogo. Pima kwenye pawa saplai: huko kukiwa na 12 kamili, tatizo ni waya. Shika nyaya na konekta za DC baada ya robo saa. Vuguvugu si neno. Moto wa kukufanya uondoe kidole, zima.

10. Itafutie mahali pa kukaa.

Mombasa ina maadui watatu wa pawa saplai: joto, chumvi na, kwa vinyozi, nywele. Kasha la chuma linapumua kupitia matundu yake, kwa hivyo liache nafasi ya kiganja pande zote. Usilifiche nyuma ya pazia, wala usilifunge chini ya paa la makuti. Penye makuti mafundi wa makini hulitia ndani ya kasha la chuma au la PVC lililo mbali na paa. Nywele za mashine huelea na kuingia kwenye matundu. Lipandishe juu, mbali na kiti, na kila baada ya muda lizime, uchomoe, ulipanguse kwa brashi laini.

Hewa ya bahari hula shaba. Duka lililo karibu na maji, ukifungua skrubu baada ya miezi utakuta unga wa kijani kwenye ncha za waya. Futa, kata ncha, chuna upya, kaza. Kwenye viungo vya DC tia grisi kidogo. Taa za nje zinunue zile zilizofunikwa mpira, na pawa saplai ibaki ndani.

Stima ikipotea, zima redio ukutani. Inaporudi mara nyingi huja na mruko. Kigadi cha TV cha kuchomeka, kile kinachosubiri kidogo kabla ya kuruhusu stima, ni pesa iliyotumika vizuri.

Betri ya akiba, je?

Watu hutaka muziki uendelee stima ikipotea, basi hufunga betri ya gari sambamba na pawa saplai. Usifanye. Pawa saplai ya kawaida si chaja: haijui kupunguza wala kusimama, na baadhi huvutwa kinyume na betri zikizimwa. Nunua chaja inayotulia kwenye volti 13.8 hivi, ichaji betri, na redio ivute kwenye betri. Kinyume chake nacho ni kosa: chaja kubwa za gereji bila betri hutoa DC chafu yenye mawimbi, na redio ukiifunga hapo itanguruma au itakufa.

Ikigoma

Haiwaki kabisa. Angalia taa ndogo ya kijani kwenye pawa saplai. Haipo: soketi, fyuzi ya plagi, au skrubu za L na N. Ipo lakini redio imekufa: fyuzi ya nyuma ya redio, au waya mwekundu haukuungwa na wa manjano. Hilo la pili ndilo la kawaida.

Inawaka na kuzima, tik, tik, tik. Pawa saplai inajikinga. Chomoa redio. Ikitulia, mzigo ni mkubwa au kuna shoti upande wa DC. Ikiendelea ikiwa tupu, imeharibika.

Inazimika besi ikigonga. Ampea hazitoshi au waya ni mwembamba. Punguza sauti kwa leo, kesho nunua kubwa.

Inasahau stesheni kila asubuhi. Hiyo si hitilafu. Ukizima ukutani, waya wa manjano nao umekosa stima.

Spika zinanguruma hata sauti ikiwa chini. Mara nyingi ni pawa saplai ya transfoma yenye kapasita ndogo au iliyochoka. Kwa zile za kisasa, sogeza nyaya za spika mbali na kasha. Stesheni za AM zikikoroma, ndiyo tabia ya pawa saplai hizi; FM haisumbuki sana.

Taa za mkanda zinang'aa mwanzo, mwisho zimefifia. Peleka nyaya kwenye ncha zote mbili za mkanda. Na usiwashe roli ikiwa bado imeviringishwa. Joto halina pa kutokea.

Ukigusa redio au kasha unahisi mtekenyo. Usiudharau, hasa ukiwa miguu mitupu. Karibu kila mara athi haijashika: ama waya wako ni wa nyuzi mbili, ama ndani ya soketi hakuna athi. Zima, chomoa, weka mita kwenye kipimo cha mlio wa kuunganika, gusa pini ndefu ya plagi na chuma cha kasha. Isipolia, funga waya upya. Ikilia na mtekenyo bado upo, tatizo liko ukutani.

Breka kwenye boksi la mita inaruka kila ukiwasha. Jaribu soketi nyingine mara moja tu. Ikiruka tena, pawa saplai ina shoti, itupe. Ikiruka kwenye soketi ile moja peke yake, hiyo ni kazi ya waya za nyumba, na kwa hizo muite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Usiifungue soketi mwenyewe.